Miaka Yangu Nikiwa Tarumbeta ya Pili

Siku yangu ya kwanza kazini nilifutwa kabla ya saa sita mchana, nikaajiriwa tena kabla chakula hakijapakuliwa, na mpaka leo sijui ni uamuzi upi kati ya hiyo miwili uliokuwa wa makosa.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya muziki, jambo ambalo jamaa zangu wa Uriri walilipokea kama vile nimerudi nyumbani na ugonjwa usio na jina. Hoteli moja ya ufuoni, Homa Bay, ilikuwa inatafuta mpiga tarumbeta. Kiongozi wa bendi yake alikuwa Mjerumani mwenye nywele nyeupe, shati lililonyooshwa kwa pasi mpaka mikononi, na Kiswahili cha kitabu kilichotufanya sisi wengine tuonekane ndio wageni. Aliniwekea karatasi ya noti mbele, akainua fimbo ya kuongozea. Nilipiga kwa kifua chote, maana niliitaka kazi. Waliokuwa wakipanga meza waliacha vijiko wakanitazama. Mpishi alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Umepiga vizuri sana," Kiongozi aliniambia. "Kwa sababu hiyo huwezi kufanya kazi hapa."

Nilifungasha tarumbeta yangu nikaondoka. Nilikuwa nimefika getini niliposikia viatu vikinikimbilia. Alikuwa Owuor, mpiga gitaa, kijana mnene wa rika langu ambaye tungekaa pamoja jukwaani miaka yote iliyofuata.

"Omera, ndugu yangu, rudi," alisema akihema. "Mzee anasema kuna kitu hukujaribu."

Kitu chenyewe kilikuwa kizibo. Kwa ninyi vijana ambao muziki wenu unatoka kwenye simu, kizibo ni kidude cha bati kama funeli, kinachoingizwa kwenye mdomo wa tarumbeta ili sauti ipungue. Kiongozi alikichomeka mwenyewe. Nikapiga tena. Mpishi hakutoka. Vijiko viliendelea kulia mezani.

"Nikikusikia mimi, wageni watakusikia," Kiongozi alisema. "Wageni wakikusikia, wataacha kula. Ninakuomba usisikike. Utaweza?"

Nikasema nitaweza. Nilikuwa na njaa, na harufu ya samaki ilikuwa imeanza kutoka jikoni.

Naandika haya kwa sababu tangu nistaafu vijana wananiuliza ile bendi ilikuwa ya muziki gani, nami nikianza kujibu natatizika. Nina swali langu pia, ambalo nimelibeba muda mrefu kuliko tarumbeta yenyewe: je, nilikuwa mpiga tarumbeta mzuri, au nilikuwa mtu anayelipwa kushika chuma huku amekaa kimya? Aliyeweza kunijibu alikuwa mmoja tu, naye hakuwa mtu wa kujibu.

Tuliuita muziki wa kando. Ni muziki wa kupigwa watu wakila, wakingoja, wakinunua unga. Hauna maneno. Hauna mahali pa kushtuka. Fidla zinatembea pole, gitaa linadondosha noti moja moja, ngoma inapigwa kwa brashi badala ya fimbo, na tarumbeta zinapita kwa mbali kama mtu anayetembea chumba cha pili akiwa na soksi. Usifikiri ni kazi rahisi. Kupiga kwa nguvu kunahitaji mapafu. Kupiga kwa udogo kunahitaji midomo, mapafu, tumbo, na unyenyekevu ambao chuo kikuu hakikunifundisha.

Kiongozi alikuwa ameishi kwa kazi hiyo maisha yake yote. Alianza kama mpiga kinanda wa redioni kwao, akapanda hadi kuwa mpangaji, yaani mtu anayeamua ni chombo gani kipige nini na kwa wakati gani, kisha akapata okestra yake mwenyewe yenye fidla nyingi kuliko watu wanaohudhuria mikutano ya chifu. Alitunga nyimbo zilizopigwa madukani, ndani ya ndege kabla haijaruka, kwa madaktari wa meno, na kwenye simu unapoambiwa usubiri. Watu wengi wamezisikia. Hakuna anayejua jina lake, na alilisema hilo kama mtu anayekuonyesha cheti.

Alinisimulia kwamba siku moja, kwao, aliingia kwenye lifti akakuta inapigwa tuni yake ya kwanza. Mlikuwa na mama mmoja mwenye kapu. Yule mama alikuwa akiufuata wimbo kwa pua bila kujua kwamba anaufuata.

"Ukamwambia nini?" nikauliza.

"Aliniuliza naenda ghorofa ya ngapi. Nikamwambia ya nne."

"Hukumwambia kwamba ni wimbo wako?"

Alinitazama kana kwamba nimependekeza amwibie yule mama kapu lake. Kuhusu kilichomleta Homa Bay, alinipa sababu tofauti kila nilipouliza: ziwa, mapafu yake, okestra yake kuvunjwa, mwanamke fulani, kisha ziwa tena. Baada ya sababu ya sita niliacha kuuliza.

Wakati huo bendi ilikuwa na tarumbeta mbili. Tarumbeta ya Kwanza alikuwa mzee mmoja mstaarabu kutoka Migori, ambaye baada ya miaka mitatu aliamua kwenda kulima. Nilidhani nitapandishwa cheo. Kiongozi alisema hapana, sauti ya pili ndiyo inayoshika wimbo usianguke, na haiwezi kuachwa wazi. Basi nikabaki Tarumbeta ya Pili katika bendi isiyokuwa na ya kwanza. Niliwahi kumweleza mchumba wangu jambo hilo. Hakuolewa nami, ingawa sidai kwamba hiyo ndiyo sababu.

Matatizo ya kweli yalianza Awendo. Mwenye malori ya kubeba miwa alikuwa anamwoza binti yake, akaikodi bendi yetu kwa mchana mzima. Nadhani alisikia neno Mjerumani akafikiri spika zitakuwa kubwa. Tulipofika katikati ya wimbo wa kwanza, mwanamume mmoja aliyevaa suti ya kahawia alisimama akainua mkono.

Msomaji wa kwetu anajua maana yake. Kwa wageni nitaeleza: sisi tuna pakruok, kujisifu mbele ya watu huku bendi ikikupisha. Unainua mkono, unawapa wapigaji chochote ulichonacho, muziki unasimama au unashuka, unasema wewe ni nani na unatisha kiasi gani, watu wanashangilia, muziki unaendelea. Bendi isiyosimamishwa inarudi nyumbani na aibu. Maana yake haikumgusa mtu.

Kiongozi hakuyajua hayo. Alikokuwa ametoka, mgeni akiinua mkono wimbo ukiendelea, ama kuna moto ama mtu amezimia. Alitusimamisha mara moja.

"Mimi!" yule wa suti alinguruma. "Mimi ni lori linalopanda mlima limejaa miwa na halipumui! Wanaonichukia na wasukume!"

Watu waliruka. Kiongozi aliniinamia. "Amesema nini?"

"Amesema yeye ni lori."

"Ni mgonjwa?"

"Hapana. Amefurahi."

"Sasa kwa nini ametusimamisha? Ni nani kati yetu aliyepiga vibaya?"

Nilijaribu kumweleza, lakini mkono wa pili ulikuwa umeshainuka, kisha wa tatu. Mama mmoja alikuwa mvua ya mawe. Mwalimu mkuu mstaafu alikuwa rungu. Wimbo wa dakika nne ulitumia saa nzima na haukufika mwisho. Kesho yake tulikuta karatasi ya Kiongozi ukutani, yenye Kiswahili kizuri kabisa: Muziki hausimami kwa sababu ya mtu yeyote.

Haukusimama kweli. Wageni ndio waliosimama, wakaenda zao. Wiki tatu baadaye Meneja wa hoteli alikuja mazoezini. Alikuwa mama mrefu wa Rusinga, wa maneno machache na yote ya kazi.

"Jaduong', mzee wangu, mimi nakuheshimu," alimwambia. "Lakini watu wanakuja hapa na pakruok yao wamejitayarishia nyumbani, wamevaa, wanafika, wanaambiwa wanyamaze kama wako hospitali. Wanaenda kwa jirani, kwa ile bendi ya kelele. Mimi nikae na viti?"

"Mama, muziki wangu ni kama kiti," Kiongozi alijibu. "Mtu hasimami katikati ya chakula kukisifu kiti."

"Hawasifu kiti, Jaduong'. Wanajisifu wao. Mpaka mwisho wa mwezi huu. Wakirudi, mtabaki. Wasiporudi, nitatafuta mtu wa spika."

Mimi ndiye niliyekuwa nikinakili noti za bendi kwa mkono, kwa hiyo usomi wangu ulitakiwa ufanye kazi mara moja maishani. Nilikaa siku mbili nikaandika ndani ya kila wimbo sehemu fupi inayojizungusha, gitaa na besi tu, yenye kuweza kurudiwa hata mara hamsini. Tukaiita uwanja. Mtu akiinua mkono, bendi inaingia uwanjani, anajisifu juu yake, akimaliza tunatoka pale pale tulipoingilia. Nilimpelekea Kiongozi. Alisoma karatasi zote akiwa amesimama.

"Nieleze jambo moja," alisema. "Huyu mtu anayejisifu, wakati huo anausikiliza wimbo?"

"Hapana. Anajisikiliza mwenyewe."

"Na wengine?"

"Wanamsikiliza yeye."

"Kwa hiyo hakuna hata mmoja anayesikiliza wimbo. Ila wimbo ukikatika?"

"Ukikatika kabisa, mtu anaishiwa na maneno. Anakaa."

Kiongozi aliketi polepole. Nikaona ametabasamu, jambo lililokuwa nadra kama mvua ya Januari. "Nimewatafuta wasikilizaji hawa miaka arobaini," alisema. Akafumba macho, akatikisa kichwa chini mara moja. Hiyo ndiyo ilikuwa ishara yake kwamba jambo liko sawa, na katika miaka yote sikuwahi kumwona akiitoa zaidi ya mara chache, kwa fidla, kwa besi, siku moja kwa supu ya mpishi. Siku hiyo ilikuwa kwa karatasi. Haikuwa kwa tarumbeta.

Wageni walirudi. Meneja alibaki na sisi pamoja na viti vyake. Nami nilibaki nimechanganyikiwa, kwa sababu sisi tuliamini watu wameupenda muziki mpaka wameusimamisha, na Kiongozi aliamini wameupenda kwa kutousikia, na sote tulifurahi jukwaa moja, siku moja, tukipokea mshahara mmoja.

Pakruok ina tawi lake jingine: mtu anaweza kumsifu mpigaji. Owuor alisifiwa mpaka akazoea. Alikuwa mdomo wa mamba, alikuwa kidole cha umeme. Mpiga besi alisifiwa. Mtu wa ngoma alisifiwa na mjane mmoja kwa namna iliyomfanya ahamie kanisa jingine. Mimi, hakuna. Miaka ikapita, hakuna. Hata kwa makosa.

Mama yangu alikuja kunisikia mara ya kwanza mjini Migori, duka moja kubwa lilipofunguliwa nasi tukaitwa kupiga karibu na rafu za sabuni. Kiongozi alikuwa na furaha siku hiyo kuliko siku yoyote, maana watu walipita na mikokoteni yao bila kututupia jicho. Tulipiga ile tuni yake ya kwanza, ya kwenye lifti. Tulipomaliza Mama alinivuta kando.

"Ouma, nimesikiliza vizuri," alisema. "Gitaa nimelisikia. Ngoma nimeisikia. Zile fidla za kulialia nimezisikia. Wewe ulikuwa unapiga wapi?"

"Mwanzo mpaka mwisho, Mama."

Alifikiri. "Basi labda masikio yangu," alisema kwa upole, na upole huo uliniuma zaidi kuliko kama angecheka.

Ndiyo maana nilifanya nilichofanya Muhuru Bay. Wafanyabiashara wa omena, wale dagaa wa ziwani, walikuwa na sherehe ya ushirika wao, mchana, upepo ukitoka ziwani na omena zimeanikwa hadi karibu na miguu yetu. Uwanja ulifika, kina mama wakajisifu, tukatoka uwanjani, na mimi nikachomoa kizibo nikakitia mfukoni. Nilipiga kama siku ya kwanza. Ndege waliokuwa wakiiba omena waliruka wote kwa pamoja.

"Prof ameshikwa na nini?" nilimsikia Owuor akimwuliza mtu wa besi. Prof lilikuwa jina langu la jukwaani, na halikuwa sifa.

Wachuuzi walinigeukia. Nilingoja mkono uinuke. Mama mmoja aliinua mkono kweli, akasogea, akaniambia, "Baba, punguza kidogo, mtoto amelala." Hiyo ndiyo pakruok pekee niliyopata ufuoni.

Kiongozi hakunigombeza. Kesho yake alinipa karatasi mpya za onyesho zima. Zilikuwa na mapumziko matupu, zile alama za kumwambia mpigaji asubiri. Ukurasa baada ya ukurasa, bila noti hata moja kwa ajili yangu. Nikakaa jukwaani saa mbili, tarumbeta magotini, nikihesabu mapumziko kwa uaminifu, maana niliogopa kwamba mahali fulani ameficha noti moja ya kunipima. Hakuwa ameificha. Mwishoni alipita karibu nami.

"Leo ulihesabu vizuri," alisema, akaenda zake.

Ilikuwa adhabu? Ilikuwa somo? Nilimwuliza Owuor. Alisema, "Omera, wewe umesoma. Mimi ningempiga na gitaa." Wiki iliyofuata noti zangu zilirudi kama zilivyokuwa, na kizibo kikarudi mahali pake. Sikukitoa tena.

Kazi ya tarumbeta huisha pale meno yanapoisha. Midomo hukazwa juu ya meno ya mbele, na yasipokuwepo hewa inakwenda inakotaka. Kiongozi alitukataza sisi wapulizaji chochote kigumu, na kwa jina akataja miwa. Lakini mwambie mtu wa Migori apite Awendo wakati wa mavuno, lori limepunguza mwendo mbele yake na miwa imening'inia nyuma, akae mikono mapajani. Nilitafuna. Jino la mbele likavunjika na kubaki ndani ya muwa. Nilikuwa nimebakiza miaka mingi kabla ya umri wa kustaafu. Naweza kusema niliiacha kazi kwa sababu za kiafya. Ukweli ni kwamba iliniacha kwa sababu ya fundo moja la muwa.

Meneja aliniandalia chakula cha mchana cha kuniaga. Kiongozi alikuwa amezeeka, alitembea kwa mkongojo, na fimbo ya kuongozea ilikuwa mikononi mwa Owuor. Hawakuwa wamepata mtu wa kuchukua nafasi yangu. Kiongozi aliketi meza yetu, mimi kati yake na Mama. Bendi ilianza ile tuni ya lifti. Wageni walikula. Waliongea kuhusu bei ya mbolea na mchungaji mpya. Hakuna aliyeinua mkono. Nilijiambia kwamba kwa kipimo cha Kiongozi hayo yalikuwa mafanikio makubwa, na kwa kipimo cha kwetu nilikuwa nazikwa bila msiba, nikajaribu kuchagua kimoja kati ya hivyo viwili, nikashindwa.

Hapo ndipo Kiongozi alipoinua mkono.

Owuor alikodoa macho. Bendi ikaingia uwanjani, gitaa na besi. Mzee alisimama akiushika mkongojo wake.

"Mimi," alisema, na ukumbi wote ukamgeukia, "ni lifti ya Ujerumani! Napanda hadi juu na hakuna anayejua!"

Walishangilia mpaka sahani zikacheza. Akangoja wamalize, akaweka mkono juu ya bega langu.

"Huyu ni Tarumbeta ya Pili. Amekaa nyuma ya bega langu la kushoto miaka yake yote ya kazi. Isipokuwa siku moja, sijawahi kumsikia."

Kicheko kilipasuka. Watu walipiga meza. Mtu alipaaza sauti, "Prof umemalizwa!" Walidhani nimechomwa, na labda nilikuwa nimechomwa. Lakini Kiongozi hakucheka. Alinitazama, akafumba macho, akatikisa kichwa chini mara moja. Kisha akaketi, akaendelea na samaki wake.

"Amekutukana?" Mama alininong'oneza.

"Sijui, Mama."

"Sasa mbona unasimama?"

Nilisimama kwa sababu aliyesifiwa hana budi kusimama na kujibu kwa sifa yake mwenyewe. Nikafungua mdomo wenye pengo. Watu wote walingoja, gitaa likizunguka na kuzunguka kwenye uwanja nilioutengeneza mimi mwenyewe kwa ajili ya watu wenye la kusema. Niliinamisha kichwa, nikaketi, na Owuor akaitoa bendi uwanjani.

Wimbo uliendelea pale ulipoachiwa. Fidla zilikuwepo, gitaa lilikuwepo, brashi zilikuwa juu ya ngoma. Lakini ulikuwa na shimo, ukiyumba kidogo kila ulipolifikia, kama meza iliyopungukiwa mguu. Nilidhani ni mimi peke yangu ninayelisikia.

Mama aliacha kutafuna. Akainua kidole.

"Hapo," alisema. "Umesikia? Hapo pamepungua kitu."